Mapipa ya Kiinua Mgongo

Kuku wa Teodora walikufa wote asubuhi moja, na majirani wakasema ni kideri. Jibu rahisi hilo. Kila mwaka kideri hupita pale Kigongo, kikakomba mabanda ya watu, mwenye kuku akalalamika wiki nzima kisha akasahau. Lakini hata kideri kina taratibu zake. Kuku huzubaa kwanza, hushusha mabawa, huharisha kijani, ndipo afe kesho yake au keshokutwa. Hawa wa Teodora walikuwa wakiparura uani wakati anabandika uji, na uji ulipoiva walikuwa wamelala ubavu kando ya maji aliyoyamwaga mumewe, miguu inatetemeka.

Mumewe, Elias Luhaga, alikuwa anaosha pipa.

Mapipa yale ndiyo yaliyokuwa kiinua mgongo chake. Chama cha ushirika alichokitumikia, yeye karani wa ghala la pembejeo, kilikufa pale soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na noti mkononi, wakulima wakawakimbilia, na nani angewalaumu, wakati ushirika ulikuwa unawakopa pamba yao msimu hadi msimu? Siku ya kuwaaga wafanyakazi pesa haikuwepo. Hotuba ilikuwepo, tena ndefu. Baada ya hotuba wakaambiwa kila mtu ajichukulie kinachobebeka. Wenye mbio walibeba viti, meza na mabati. Elias alikuwa bado anapiga makofi. Alipofika ghalani alikuta mapipa matupu ya dawa ya pamba, akayapakia kwenye lori la kuomba, akayashusha nyumbani mchana kweupe huku majirani wakitazama, naye akajitahidi kutembea kama mtu aliyepata.

Na kumbe alikuwa amepata kweli, kwa sababu ziwa lilikuwa limeugua. Magugu maji yalikuwa yameufunga ufuko mzima, kijani tupu hadi macho yanapochoka, na maji ya chini yake yalikuwa meusi, yananuka, yamejaa konokono na nyoka. Watoto waliharisha kila wiki. Bwana afya alikuja na pikipiki yake akawaambia wachemshe maji, akapanda pikipiki akaondoka. Kuni zitoke wapi, hilo halikuwa katika ratiba yake. Ndipo watu wakaanza kuyatazama mabati ya nyumba zao na kuyatazama mawingu. Mwenye bati na pipa alikuwa hana habari tena na ziwa. Bati walikuwa nalo wengi. Mapipa alikuwa nayo Elias.

Aliyasugua kwa majivu na mchanga, akayasuuza kwa maji ya moto, akayaanika juani. Kisha kila pipa alilipaka rangi ya kijani upande ule palipochorwa fuvu na mifupa miwili. Rangi ilitosha mapipa yote. Majivu hayakutosha.

"Baba Dorcas, kuku wamekunywa maji uliyomwaga," Teodora alisema. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, uji unadondoka.

"Kideri hicho."

"Kideri hakiui kabla uji haujaiva."

"Umekuwa daktari wa mifugo lini?"

"Hilo pipa ni la nani?"

"La Owiti. Anakuja kulichukua mchana."

"Lisugue tena. Tafuta majivu."

Elias aliweka chini gunzi alilokuwa akisugulia. Hakuwa mtu mkali. Watu wa ofisini hawapigi kelele, husema polepole ili uone aibu mwenyewe. "Teodora, mimi nimekaa na dawa hii miaka yote niliyokuoa. Nimeivuta puani, nimekula ugali wangu juu ya katoni zake. Nimekufa? Dawa ya wadudu hii. Owiti si mdudu."

Ni kweli hakufa. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa ikimtetemeka akishika kikombe, na yeye alisema ni uzee, ingawa hata mvi hakuwa nazo.

"Mengine sawa, uliyaosha vizuri," alisema Teodora. "Hili nimeliona mwenyewe. Umelisuuza mara moja tu."

"Yamebaki mawili baada ya hili. Nikiyatoa hayo, Dorcas anaanza shule Januari na sare yake, na mimi sitaki kuona pipa tena maishani mwangu. Sasa wewe nenda kaseme habari za kuku wako. Wote watayarudisha leo hii, na nitawalipa nini? Hotuba?"

Teodora hakujibu. Ni rahisi sasa, mimi na wewe tumekaa vizuri na maji ya kunywa yako karibu, kusema angejibu. Alikuwa na mume asiye na kazi, mtoto mmoja aliyebaki kati ya wanne aliowazaa, na mapipa mawili. Alichukua jembe akaenda kuwazika kuku nyuma ya nyumba.

Alikuwa hajamaliza Owiti alipofika. Owiti alikuwa mvuvi, Mjaluo kutoka upande wa Mara, mtu wa kucheka kabla ya neno. Alikuja na mkewe Truphosa na binti yao Amondi, mtoto wa rika la Dorcas. Hawakuwa na pesa, kwa hiyo walikubaliana na Elias alipwe samaki mmoja kila Jumapili hadi mvua za masika. Truphosa aliona lile shimo akaona na kuku.

"Mama Dorcas, mmetajirika? Mnazika kitoweo?"

"Wamekufa vibaya, mama Amondi."

"Kuku anakufaje vizuri? Mwenzako anamkata shingo." Truphosa alicheka. "Ungenipa, ningeunguza manyoya nikapika."

"Wamekufa vibaya," Teodora alirudia, na hapo ndipo alipoukaribia ukweli kuliko siku yoyote iliyofuata. Owiti alishaanza kulisukuma pipa kwenda kwake, linabingirika, na Amondi alikuwa anakimbia nyuma yake akiligonga kwa kijiti.

*

Tangu siku ile Teodora aliacha maji ya pipa lake. Hakumwambia Elias, na Elias hakuuliza. Alfajiri alishuka ziwani na ndoo, akaingia hadi kiunoni, akayasukuma magugu kwa mti mrefu mpaka apate pa kuchotea, akarudi, akachuja kwa khanga, akachemsha. Alimwekea Dorcas kibuyu chake peke yake. "Usinywe ya pipa," alimwambia. "Ukinywa nitakuchapa." Mtoto aliuliza kwa nini, akaambiwa watoto hawaulizi.

Pipa lao lenyewe, kubwa kuliko yote, lilisimama juu ya mawe chini ya paa, limejaa hadi mdomoni, na wapita njia walilisifia.

Asubuhi moja Truphosa alimkuta ziwani. Yeye alikuwa amekuja kufua.

"Haa, mama Dorcas. Mwenye mapipa ndiye anateka ziwani?"

"Nimezoea tu."

"Umezoea kichocho? Toka huko, ruba watakumaliza."

"Maji ya mvua yanampa Dorcas mafua," Teodora alisema. Uongo ukishatoka hutafuta mwenzake, na huu ulimpata papo hapo. "Tena hayana ladha. Mimi nataka maji yenye ladha."

"Nyie Wasukuma nyie. Mtu anakimbia maji safi anafuata ya vyura." Truphosa alilikung'uta shati la mumewe juu ya jiwe. "Mimi tangu tupate lile pipa namshukuru Mungu. Amondi hajaharisha hata siku moja. Namwambia baba yake, huyo samaki unayempa karani ni mdogo, mwongeze. Tumedhulumu watu wa watu."

Teodora aliinama kama anayesafisha ndoo. Ndoo ilikuwa safi.

"Yana harufu kidogo," Truphosa aliendelea. "Kama mafuta ya taa, lakini si mafuta ya taa. Na ya kwenu yananuka?"

Hapa alikuwa amefunguliwa mlango wazi. Truphosa alimtazama bila shaka yoyote machoni, anataka tu kujua kama harufu ni ya kawaida, kama mtu anayeuliza dukani. Teodora alifikiri habari ya mapipa mawili. Alifikiri Elias akirudisha samaki walioliwa. Alifikiri Dorcas akikaa nyumbani mwaka mwingine bila sare.

"Mvua za mwanzo zinanuka bati," alisema. "Zikizidi harufu inakwisha."

"Hapo sawa. Nilimwambia baba Amondi hivyo hivyo," alisema Truphosa, akarudia kufua.

*

Amondi alianza kutapika asubuhi ya sabato, wazazi wake wakijiandaa kwenda kanisani. Walidhani ni mihogo, maana hata wao walihisi kichefuchefu. Kisha mate yakaanza kumtoka yasiyokatika, jasho likamlowesha, akawa anatetemeka mwili mzima. Bibi Ng'washi, mkongwe wa kitongoji, aliyezalisha nusu ya wanawake wa pale, aliitwa akamtazama macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa.

"Degedege hili, mayu," alimwambia Truphosa, akimwita mama kwa Kisukuma, "lakini si degedege ninalolijua."

Owiti alimbeba mgongoni hadi zahanati. Zamani ungeingia tu. Sasa kulikuwa na kuchangia: ununue kadi, ununue sirinji, ununue na dawa yenyewe. Owiti hakuwa na pesa ya kadi, akaiweka saa yake mezani, na mhudumu akaigeuza ile saa huku na huku kama inanunuliwa, akasema haitembei. Owiti akasema inatembea ukiipiga kidogo. Aliipiga kidogo. Mhudumu akasikiliza, akakubali. Baada ya hapo ndipo mtoto alipochomwa sindano ya malaria, wakaambiwa wampe maji kwa wingi.

Maji kwa wingi. Walirudi nyumbani wakampa.

Habari ilimfikia Teodora anachambua mchele. Aliacha ungo pale pale akaenda, khanga haijafungwa vizuri. Alimkuta Truphosa ameketi chini, kichwa cha mtoto mapajani, kikombe mkononi.

"Usimpe hayo," Teodora alisema.

Truphosa aliinua uso. "Daktari kasema anywe."

"Mpe maziwa. Mpe soda. Usimpe maji ya pipa."

"Kwa nini?"

Chumbani walikuwepo Owiti, bibi Ng'washi na wanawake wengine wawili watatu. Wote walikuwa wanamtazama. Na nje, mlangoni, Teodora alisikia sauti ya mumewe akimpa mtu pole.

"Mgonjwa hapewi maji baridi," alisema.

"Ni kweli," bibi Ng'washi aliunga mkono. "Yapasheni moto."

Wakayapasha moto yale yale. Teodora aliyaona yakimiminwa kwenye sufuria, akayaona yakirudi kwenye kikombe yanafuka moshi, akarudi nyumbani kwake akaketi juu ya kitanda na mikono mapajani. Hata chozi halikutoka. Mchana jua likiwa kichwani majirani wakasikia sauti ya Truphosa, na kila aliyeisikia alijua hapakuwa na haja ya kuuliza.

*

Msiba pale Kigongo hauna mwenyewe. Ukitokea, kila kaya inatoa: huyu kuni, huyu unga, huyu sufuria, huyu maji. Asiyetoa hasemwi neno siku ile. Atasemwa siku yake, atakapokuwa na maiti ndani na hakuna wa kumchimbia kaburi. Mtu hutengwa hivyo kwa utulivu kabisa, hapewi hata kijinga cha moto, na wapo waliohama kwa sababu hiyo wakaacha nyumba nzuri.

Elias alijua hayo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa, akasimama mbele ya waombolezaji na shati lake la kazini, akasema kwa niaba ya familia yake anasikitika sana, na kwamba maji ya msiba yasiwasumbue akina mama, pipa lake limejaa, waje wachote mpaka liishe. Balozi Chenge, mzee wa nyumba kumi, alimshika mkono. "Huyo ndiye jirani," alisema. Watu wakaitikia.

Alipopita nyumbani kuchukua kiti, Teodora alimzuia uani.

"Umewapa maji gani?"

"Maji ya mvua."

"Elias, Amondi kafa na maji."

Elias alitazama barabarani kwanza. "Amondi kafa na malaria. Zahanati imeandika malaria. Wewe unajua kuliko zahanati?" Kisha akashusha sauti, na safari hii haikuwa sauti ya ofisini. "Ukisema, sisi ndio tumemuua. Umeelewa? Si ushirika, si dawa, si aliyetupa mapipa badala ya pesa. Sisi. Owiti ana panga na ndugu zake wako njiani. Pipa letu nililiosha vizuri mno, ndilo la kwanza. Halina neno."

"Kama halina neno, kunywa."

Alichukua kata pale juu ya pipa, akachota, akamkabidhi. Elias aliishika. Maji yalicheza ndani ya kata kwa sababu ya ule mkono wake. Aliyamwaga chini taratibu, akairudisha kata mahali pake.

"Sina kiu," alisema, akachukua kiti akaenda zake.

Wanawake walikuja na ndoo muda si mrefu, bibi Ng'washi mbele. Walikuwa wamechoka kwa kulia na walitaka kumaliza. Nyumbani kwa Owiti, walisema, wameshabandika chai kwa maji ya pipa la mle ndani, hayatatosha, watoto ni wengi, na ugali bado.

"Shikamoo bibi," Teodora alisema.

"Marahaba, mayu. Tusogeze huo mfuniko."

"Maji haya si mazuri."

"Mazuri ya nini, tunapika msiba hatupiki harusi." Mmoja alishainua mfuniko.

Teodora hakuwahi kuwa mwanamke wa vituko. Alijisikia tu bega lake likienda kwenye pipa, kama linavyoenda kwenye mlango uliokwama, akasukuma. Halikutikisika. Akakita miguu, akasukuma tena kwa nguvu zake zote hadi jiwe la mbele likachomoka, na pipa zima likaanguka uani kwa kishindo. Maji yaliwapita wanawake miguuni, yakapita jikoni, yakatoka barabarani. Dorcas alitoka mlangoni mbio kuja kuyachezea, mama yake akamdaka mkono akampiga kofi.

Wanawake walisimama na ndoo zao tupu.

"Umemwaga maji ya msiba," bibi Ng'washi alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha macho yake. "Mwanangu, umemwaga maji ya msiba."

*

Walimpeleka Teodora msibani mbele ya balozi Chenge, wala hakugoma. Alimshika Dorcas mkono, akaenda. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi upande mmoja, Elias kati yao. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, na Truphosa katikati yao ameegemea ukuta, kitambaa usoni. Jikoni sufuria kubwa ya chai ilikuwa inatokota, watoto wamepanga mstari na vikombe.

"Msinywe hiyo chai," Teodora alisema kabla hajaulizwa. "Mapipa yote yalikuwa ya dawa ya pamba. Mengine yana sumu bado. La humu ndani lina sumu. Ndiyo iliyomuua Amondi."

Ikaanza minong'ono. Elias aliinuka kwenye benchi, mkono kifuani.

"Balozi, naomba radhi. Mke wangu hayuko sawa tangu kuku wake wafe. Halali. Kutwa anaongea na kuku." Mtu mmoja alicheka, akajizuia. "Zahanati imesema malaria. Nitamrudisha nyumbani apumzike, na maji nitayalipa."

Watu walimwamini. Kwa nini wasimwamini? Alikuwa karani, alikuwa mpole, alikuwa ametoa. Wengine pale walikuwa wameuza mbuzi kununua mapipa, na hakuna anayependa kuambiwa kuwa amemuuza mbuzi wake bure. Mwanamke wa jikoni alishachukua kata ya kugawia chai.

Balozi Chenge alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikwenda polepole.

"Mama Dorcas, hatukugombezi. Nauliza swali la mtu mzima. Mapipa yametoka ghala moja. La kwenu ndilo kubwa na ndilo la kwanza, mmelitumia tangu mvua zianze. Kama yana sumu, mbona mwanao huyu hapa mzima?"

Wote walimtazama Dorcas. Alikuwa mzima kweli, mashavu yamejaa, anajikuna mguu mmoja kwa mwingine, alama ya kofi bado iko shavuni.

Teodora aliliona swali lilivyo. Angeweza kusema, labda nimekosea, jamani, kichwa kinaniuma. Wangemwonea huruma. Wangempeleka akalale, wangelipwa maji yao, mambo yangepoa. Na chai ingegawiwa. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, nao alikuwa ameushika mkono.

"Dorcas hanywi maji ya pipa," alisema. "Nimemkataza. Ninamtekea ziwani."

"Tangu lini?"

"Tangu kuku wafe."

Ilichukua muda kidogo. Bibi Ng'washi ndiye aliyeng'amua wa kwanza, kwa sababu wazee huhesabu siku kwa matukio. "Kuku walikufa siku ile Owiti alipochukua pipa," alisema.

"Ndiyo."

"Walikunywa nini?"

"Walikunywa maji yaliyosuuziwa pipa hilo la Owiti."

Mwanamke wa jikoni aliiacha kata ikazama kwenye sufuria. Kisha yeye na mwenzake walishika masikio ya sufuria kwa matambara wakaimwaga chai yote nyuma ya choo, na watoto waliokuwa kwenye mstari wakaanza kulia kwa njaa. Owiti aliingia ndani. Alitoka na pipa, analisukuma, maji yanamwagika juu ya mikeka na hakuna aliyemwambia angalia. Alilifikisha nje akakwangua ile rangi ya kijani kwa ncha ya panga. Haikumchukua muda. Fuvu likatokea, na chini yake maneno ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kusomewa.

"Karani yuko wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Benchi la wanaume lilikuwa na nafasi wazi. Wakatumwa vijana nyumbani kwa Elias, wakakuta mlango haujafungwa na uani hakuna kitu ila lile pipa lililoanguka. Baadaye kidogo akaja mtu kutoka kivukoni kutoa rambirambi, hajui lolote, akasema amepishana na karani akipanda kivuko kwenda Busisi. Alikuwa na mapipa mawili, alisema yule mtu, mapya kabisa, rangi haijakauka. Anawahi mnada. Kule Busisi nako ziwa limefungwa na magugu, watu wanalia na maji.

Balozi Chenge alitaka mtu akimbie kuwahi kivuko. Kivuko kilikuwa kimeshaondoka.

Hakuna aliyempiga Teodora. Alisimama pale akingoja, na kama wangempiga angeshukuru. Watu walimzunguka kama wanavyozunguka kisiki njiani, wakaenda majumbani mwao kumwaga mapipa yao, na kwa saa nzima yalisikika maji yakianguka kitongoji kizima. Wengine walimwaga. Wengine, tuseme kweli, walifunika vizuri wakajiambia la kwao lilioshwa vya kutosha.

Lakini msiba ulihitaji maji, na sasa hapakuwa na mengine isipokuwa yale ya ziwani. Wanawake walichukua ndoo wakashuka. Teodora alimwacha Dorcas kwa bibi Ng'washi, akaenda kwake kuchukua ndoo yake, akawafuata kwa nyuma. Hawakumfukuza. Yeye ndiye aliyejua pa kupenya. Aliingia hadi kiunoni, kisha hadi kifuani, akayasukuma magugu hadi mbali, kuliko alivyowahi kwenda, mpaka akapata maji yaliyokuwa na rangi ya maji. Alijaza ndoo, akajitwisha, akapanda nayo kilima.

Pale msibani aliitua mbele ya Truphosa, akapiga magoti. 

Truphosa alitoa kitambaa usoni. Tangu mchana hakuwa amezungumza na mtu. Aliinama akayaangalia maji kwa makini.

"Ni ya ziwani haya?"

"Ya ziwani, mama Amondi. Nimeyatoa mbali, nje ya magugu."

"Ni mazuri?"

"Mazuri."

Truphosa alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka kwa shida, akamshika Teodora mkono akamwinua, akamtengenezea vizuri ile ngata ya khanga kichwani. Kisha akaishika ndoo kwa mikono miwili, akamtwisha.

"Basi mpelekee mwanao," alisema, akarudi kuketi.

Bibi Ng'washi alimsukuma Dorcas kwa mama yake. Teodora alitoka na ndoo kichwani na mtoto mkononi, na wanawake waliokuwa njiani wakasogea pembeni wote, kwa uangalifu mkubwa, asije mtu akamgusa maji yakamwagika.